Stika Nyekundu: Kweli na Uongo wa Kompyuta ya Gemu

Mpwa wangu aliileta kompyuta nyumbani kwa bajaji, ameifunika shuka kama mtu anayempeleka mgonjwa zahanati. Mwaka mzima alikuwa akitengeneza simu mtaani na kuweka akiba. Siku moja akaingia Kariakoo asubuhi, mchana akatoka na mashine. "Shikamoo mjomba," akasema, na kabla sijamaliza marahaba akaongeza, "gemu ya mpira inagandaganda." Ubavuni mwa keisi palibandikwa stika nyekundu iliyoandikwa kwa maka peni: CORE i7, RAM GB 8, KADI GB 4, WATI 750. Nyuma ya kioo cha keisi taa za rangi saba zilikuwa zinazunguka kama ukumbi wa harusi.

Nikafungua skrubu mbili, nikamulika kwa tochi ya simu. Ukiacha ile namba ya wati, ambayo nitaifikia, stika haikuwa imedanganya. i7 ilikuwemo. GB 4 zilikuwemo. Na bado mashine haikufaa kwa kazi aliyoinunulia. Muuzaji hakuhitaji kusema uongo. Alichagua tu namba za kutaja na namba za kunyamazia. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitega sikio kwa yanayosemwa madukani na vijiweni kuhusu kompyuta za gemu. Mengine ni nusu kweli. Mengine yamekula akiba za vijana wengi, na nitaanza na hayo.

"i7 ni i7 tu. i3 ni ya kuchapia barua."

Uongo, na ndio unaomeza hela nyingi kuliko mwingine wowote.

Prosesa ya mpwa wangu ilikuwa Core i7-2600, ambayo Intel waliitoa Januari 2011. Iweke ubavuni mwa Core i3-12100 ya Januari 2022. Zote mbili zina kori 4 na nyuzi 8, kwa hiyo kwa kuhesabu tu utadhani ni mapacha. Lakini ile i3 inamaliza kazi nyingi zaidi katika kila pigo la saa yake, na mapigo yenyewe yana kasi zaidi: inafika GHz 4.3, wakati i7 ya mpwa wangu inaishia 3.8. Kwenye gemu, i3 ya kuchapia barua inamwacha mzee mbali sana.

Herufi i na tarakimu yake vinakwambia daraja ndani ya kizazi kimoja, basi. Kizazi chenyewe kiko baada ya kistari. Kwa prosesa hizi za mezani, ondoa tarakimu tatu za mwisho, kinachobaki ndicho kizazi: 2600 ni kizazi cha 2, 8500 ni cha 8, 12100 ni cha 12. Muuzaji akikwambia "i7" akanyamaza, muulize namba yote. Akisema haijui, washa mashine uisome mwenyewe.

Na polepole si ubaya mkubwa kuliko wote. Kuna gemu mpya ambazo hazifunguki kabisa kwenye prosesa isiyo na maagizo yanayoitwa AVX2, na Intel walianza kuyaweka kwenye kizazi cha 4, mwaka 2013. Ukiwa na kizazi cha 2 au cha 3, gemu ya namna hiyo inajifunga kabla hata hujaona menyu, na hakuna kadi ya grafiki duniani itakayokuokoa. Kisha kuna Windows. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, au Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mtu anayetaka kucheza Valorant kwenye Windows 11 anakutana na sharti hilohilo la TPM 2.0 mlangoni. Wapo wanaoilazimisha Windows 11 kwenye mashine za zamani kwa njia za uani. Hawakatazwi, ila walinzi wa gemu za mtandaoni hawahongeki kirahisi hivyo.

Kwa hiyo kwa mwenye hela ya kuhesabu, nasema hivi: i5 ya kizazi cha 8 kabla ya i7 yoyote ya kizazi cha 2, 3 au 4. i5-8500 ina kori 6 halisi, na hupatikana ndani ya kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini.

"Kadi ya GB 4 inashinda ya GB 2."

Uongo kwa jinsi unavyosemwa. Kadi ya mpwa wangu ilikuwa GT 730, ukoo uliotoka mwaka 2014 kwa ajili ya kuonyesha picha kwenye skrini, si kwa ajili ya gemu. Ilikuwa na GB 4 za kumbukumbu aina ya DDR3 zinazopita kwenye njia ya biti 64. Kwa njia hiyo hupita takribani GB 14 za data kwa sekunde. GTX 1050 yenye GB 2 tu hupitisha GB 112 kwa sekunde. Fikiria simtank la lita elfu tano lililofungwa bomba la nusu inchi, na pembeni yake ndoo yenye bomba la inchi nne. Nani ataoga kwanza?

Hata majina yanaweza kufanana yakakupoteza. GT 1030 ipo ya GDDR5 na ipo ya DDR4. Jina moja, GB 2 zilezile, boksi linafanana, lakini ya kwanza ina njia ya GB 48 kwa sekunde na ya pili haifiki 17. Anayekuuzia ya pili kwa bei ya kwanza anakuuzia theluthi moja ya njia.

Baada ya kusema hayo, wingi wa kumbukumbu una siku yake. Kadi ikishakuwa na nguvu ya kutosha, GB 4 zinabana kwenye gemu za miaka hii: picha za kuta na nyuso zinachelewa kuja, au gemu inakwama kila unapogeuka. Kati ya RX 580 ya GB 4 na ya GB 8 zenye hali moja, ongeza hela uchukue ya GB 8.

"Nunua kadi kwanza, mengine yatajipanga."

Nusu kweli. Kadi ndiyo inayopaswa kula sehemu kubwa ya bajeti, hilo sina ubishi nalo. Ila kuichagua kabla hujajua gemu na kioo ni kukata nguo bila kipimo.

Kioo cha zamani cha pikseli 1366 kwa 768 kina nukta zisizozidi sana milioni moja. Cha 1920 kwa 1080 kina milioni 2 na kidogo. Kadi inachora nukta hizo upya kwa kila fremu, kwa hiyo kioo cha pili kinaitaka kazi karibu mara mbili. Na kama kioo chako ni cha Hz 60, kinaonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi ya kutoa fremu 140 itatoa nyingi ambazo macho yako hayatazipata. Mwenye kioo cha aina hiyo asiuze shamba kwa ajili ya kadi.

Gemu nazo hutaja mahitaji yake waziwazi. EA Sports FC 24 kwa mfano iliandika GTX 1050 Ti na RAM GB 8 kama kiwango cha chini kabisa. Mpwa wangu angesoma mstari huo kabla ya kupanda daladala, GT 730 ingebaki dukani. GTA San Andreas na PES za zamani, kwa upande mwingine, zinacheza hata kwenye mashine ya kuandikia risiti. Kama hizo ndizo unazozipenda, funga gazeti hili ukanunue kioo kizuri.

"Kompyuta ya ofisini ya mtumba haiwezi kuwa ya gemu."

Uongo, na huu ndio ninaoufurahia kuuvunja. Kompyuta za Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zinauzwa mtumba baada ya maofisi kubadilisha vifaa. Zilitengenezwa kwa kukaa saa nane kwa siku, miaka mitano, bila kulalamika. Ukiongeza kadi moja inayofaa unapata mashine ya gemu kwa bei ambayo huwezi kuifikia ukinunua kila kipande dukani.

Tatizo liko kwenye mwili wake. Angalia kwanza umbo. Ile nyembamba inayolala chini ya kioo haiingizi kadi ya kawaida. Inataka kadi ya nusu kimo, ambazo ni chache na bei yake ina maringo. Tafuta mnara. Kisha angalia pawa saplai. OptiPlex 9020 ya mnara ina wati 290, na plagi inayoingia kwenye mazabodi ni ya pini 8, si zile 24 za kawaida. Huwezi kuchomoa ukachomeka pawa saplai yoyote ya dukani bila adapta. Ndiyo maana kadi inayofaa humo ni ile isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. Sloti ya kadi yenyewe inatoa wati 75, na ziko kadi zilizoumbwa kuishi ndani ya wati hizo: GTX 1050 Ti, na GTX 1650 kwa matoleo yasiyo na tundu la umeme juu yake. Angalia kwa macho, maana kampuni nyingine ziliiwekea GTX 1650 tundu la pini 6.

Wengi watakushauri RX 6400 kwa sababu inatumia wati 53 tu na ina nusu kimo. Si kadi mbaya kwenye mazabodi mpya. Lakini inawasiliana na mazabodi kwa njia nne tu za PCIe. Kwenye PCIe 4.0 hizo ni takribani GB 8 kwa sekunde. Kwenye mashine ya zamani ya PCIe 3.0 zinabaki nusu yake, na kadi yenye kumbukumbu ya GB 4 inaihitaji sana njia hiyo inapojaa. GTX 1650 ina njia 16. RX 6500 XT ina ugonjwa huohuo wa njia nne, na inakula umeme zaidi.

Ile mashine ya stika nyekundu tuliiuza, kwa hasara ambayo dada yangu hajaambiwa mpaka leo. Tukanunua mnara wa ofisi wenye i5-8500, GTX 1650 isiyo na waya, na vijiti viwili vya RAM. Keisi ni ya kijivu na ina mkwaruzo ubavuni. Gemu ya mpira inacheza kwenye kioo cha 1080 bila kuganda.

"Wati 750 zimeandikwa, wati 750 zimo."

Uongo mara nyingi, na huu unaweza kuunguza vyote ulivyonunua. Pawa saplai ya mpwa wangu ilikuwa nyepesi kama boksi la biskuti. Usisome namba kubwa ya ubavuni. Soma jedwali dogo, safu ya volti 12, kwa sababu prosesa na kadi vinakula hapo. Zidisha ampea kwa 12. Ile iliandikwa ampea 18, yaani wati 216. Kati ya 216 na 750 kuna safari ndefu.

Uzuri ni kwamba huhitaji 750. GTX 1660 Super inakula wati 125, Ryzen 5 5600 imepangiwa 65. Ongeza mazabodi, feni na diski, bado hujafika 300. Pawa saplai ya wati 450 zilizo za kweli inabeba mashine hiyo ikiwa inapiga mluzi.

Alama ya 80 Plus je? Inapima jambo moja: kati ya umeme unaochotwa ukutani, kiasi gani kinafika ndani. Ikiwa ufanisi ni asilimia 80, kupeleka wati 400 ndani utachota 500 ukutani, na 100 zinageuka joto utakalolilipia kwenye LUKU. Ni jambo jema kuwa nayo, ila haikwambii kama umeme ni msafi au kama kuna kinga ya mlipuko. Hivyo vinatokana na aliyeitengeneza.

Mchezo wa namba uko hata kwenye UPS. Iliyoandikwa 650VA mara nyingi inabeba wati 360 au 390. Umeme ukikatika itakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Usipange kumaliza dakika 90 nayo.

"GB 16 ni GB 16, kijiti kimoja au viwili."

Uongo. Kijiti kimoja cha DDR4-3200 kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde. Viwili vikikaa kwenye sloti zinazooana vinapitisha mara mbili. Tofauti utaiona zaidi ukiwa huna kadi, unatumia grafiki iliyo ndani ya prosesa kama ya Ryzen 5 5600G, kwa sababu hiyo inaazima RAM kama kumbukumbu yake. Vijiti viwili vya GB 8 kabla ya kimoja cha 16. Na tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda, viwanda vikikimbilia kuhudumia vituo vya data vya akili mnemba. Ukinunua mashine ya ofisi, hesabu RAM iliyomo kama sehemu ya mali.

"SSD inaongeza fremu."

Uongo. Inapunguza kusubiri. Inunue hata hivyo. Windows kwenye diski ya kuzunguka ni adhabu.

"Joto la Dar linataka kupoza kwa maji."

Uongo wa bei mbaya. Maji yanahamisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye rejeta, na rejeta inalitupa kwenye hewa ileile ya chumba chako. Chumba kikiwa nyuzi 32, hakuna feni wala maji ya kawaida yatakayoshuka chini ya 32. Prosesa ya wati 65 inapozwa vizuri na feni iliyokuja nayo kwenye boksi. Adui wa pwani ni vumbi na chumvi. Wanaoacha keisi wazi wakidhani wanaisaidia wanakaribisha vyote viwili. Brashi ya rangi kila baada ya miezi miwili inafanya kazi kubwa kuliko bomba la maji.

"Kadi iliyochimba sarafu imekwisha."

Nusu kweli. Ethereum waliacha kuchimba kwa kadi tarehe 15 Septemba 2022, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo zikamwagwa sokoni. Chipu iliyofanya kazi kwa joto lisilobadilika si lazima iwe imechoka. Kinachochoka ni feni, pasta, na vipande vya kupozea kumbukumbu, na vyote hivyo fundi anabadilisha. Wachimbaji wengine walibadilisha BIOS ya kadi, hivyo inaweza kugoma kwenye gemu mpaka irudishiwe ya awali. Iendeshe nusu saa kwenye gemu nzito kabla ya kutoa hela. Ikitoa vidoti vya rangi kwenye skrini, mrudishie mwenyewe.

"Kadi feki utaijua kwa bei."

Uongo, maana muuzaji wa feki naye anajua bei ya halali. Feki ya kawaida ni chipu ya zamani, kama ya GTS 450 au GTX 550 Ti, iliyoandikwa upya BIOS ili Windows ione "GTX 1050 Ti". Geuza kadi utazame matundu yake. NVIDIA waliacha kutoa VGA ndani ya chipu za mfululizo wa 10, kwa hiyo GTX 1050 Ti yenye tundu la bluu la VGA itilie shaka palepale. Kisha fungua GPU-Z, programu ndogo ya bure. Tangu 2018 ina uwezo wa kuzitambua nyingi za kadi hizi na kuliandika neno FAKE mbele ya jina. Hiyohiyo itakuonyesha RX 580 ya 2048SP, ambayo si feki, AMD waliitengeneza wenyewe kwa soko la China mwaka 2018, lakini ina vichakataji 2048 kama RX 570, wakati RX 580 kamili ina 2304. Lipa bei ya 570.

Kwa hiyo siku ya kwenda dukani, beba flashi yenye GPU-Z, omba mashine iwashwe mbele yako, isome namba yote ya prosesa, na ukae nayo ikiwa inafanya kazi mpaka feni ziamke. Muuzaji akikataa kuiwasha, ondoka uende duka la pili.